Kenda Iliyojaa

Nilipomwambia jirani yangu hapa Murera kwamba likizo ya Agosti nitakuwa kwenye kambi ya matanga na binti yangu, aliweka karai chini, akajifuta mikono na kuniuliza ni nani amekufa. Sikumlaumu. Huku kwetu tanga likiwa moja hakuna anayelijua, na yakiwa mengi ni msiba, ni sufuria kubwa za chai na viti vya kukodi. Nikamweleza kwamba haya ni matanga ya mashua, kwenye bwawa la shamba la kahawa kati ya Ruiru na Juja. Watoto watafundishwa kuendesha mashua kwa upepo, kuogelea wakitazama chini kwa miwani na mrija wa kupumulia, na mwisho wa wiki watazama na mtungi mgongoni.

"Mtungi wa gas?" akauliza.

"Wa hewa."

"Haiya! Na si hewa iko hapa nje, tena ya bure?"

Nilicheka nikaenda zangu kufunga mikoba. Ni jirani mzuri, na mtungi ulipofika kambini siku chache baadaye, ukiwa na wenzake sita kwenye pikapu, mlinzi wa lango naye alimuuliza dereva kama ziko za kilo sita. Kwa hiyo si yeye peke yake.

Binti yangu ana miaka kumi na miwili na ndiye mtoto wangu wa pekee. Nasema mapema kwamba nilimpoteza majini Jumatano ya wiki hiyo, kwa dakika ambazo mpaka leo nakataa kuzikadiria. Nilimpoteza kwa neno moja tu, nililolitamka nikiwa nimesimama wima, filimbi shingoni, nikiamini kazi yangu naiweza.

Na naiweza. Mimi ni mwalimu wa hisabati, sekondari msingi, Kalimoni. Huhesabu hata nisipotumwa: ngazi nikipanda, maharagwe mabovu nikichagua, mara ambazo mhubiri husema "na la mwisho kabisa" kabla hajamaliza kweli. Waandaaji wa kambi walipotafuta mtu wa kukaa gatini na daftari, ajue nani ameingia majini na nani ametoka, niliwaambia waache kutafuta. Tena maji nayajua. Nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka arobaini na mmoja, kwenye bwawa la hoteli moja mjini Thika, katikati ya watoto wa chekechea waliofungwa maboya mikononi, nami nimefungwa langu. Mwaka uliofuata nilijifunza kuzamia. Wanafunzi wangu waliposikia, mmoja alisema, "Tichee ni mnoma," na sikumkosoa Kiswahili siku hiyo.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho sikuwa nimejifunza kukihesabu, nacho ni watu wa nyumbani kwangu. Mama yangu hajawahi kutuhesabu. Ukimuuliza ana watoto wangapi, hata leo, anasema, "Ni hao unaona." Karani wa sensa alikuja akakaa hadi chai ikapoa, akaondoka na jibu alilolitunga mwenyewe. Kwa mama, kuhesabu watoto ni kumwonyesha mwenye nia mbaya mahali pa kupunguza. Na watu wakifika kumi, hiyo kumi yenyewe haitajwi. Wagikuyu wa zamani walisema *kenda muiyuru*, kenda iliyojaa, yaani tisa iliyofurika kidogo. Kila mtu anajua maana yake ni kumi, na hakuna aliyeitaja.

Mimi ni Mkristo na nina digrii. Nimekuwa nikicheka jambo hili tangu chuoni. Darasani nahesabu vichwa vya watoto wa watu kila asubuhi bila kope kutikisika.

Mwalimu wa kuzamia, ambaye sote tulimwita Kocha, alitoka Lamu. Alikuwa amenizidi miaka kidogo, mtaratibu, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hivi kwamba watoto waliotoka Kiuu walimwomba arudie.

"Jongeeni ukingoni, wanangu."

"Ati tujo-nini, Kocha?"

"Kujeni hapa!" nilifasiri.

Yeye alishangaa kwamba bwawa lenyewe ni la maji matamu, la rangi ya chai ya maziwa, na kwamba Agosti ya huku ina ukungu na baridi ya kung'ata masikio. Aliingia majini Jumatatu asubuhi akatoka akisema maneno ambayo nadhani yalikuwa dua. Lakini kufundisha alijua. Aliwaonyesha watoto kutema mate ndani ya kioo cha miwani na kuyasugua ili kisishike ukungu. Msichana mmoja alikataa katakata, akasema mate ni ya kutema chini, na dakika mbili baadaye alikuwa akijigonga kwenye nguzo za gati kwa kutoona. Kulikuwa na mvulana wa Kisikh kutoka Thika aliyejua kufunga mkanda wa miwani juu ya kilemba chake kidogo kwa ustadi hivi kwamba Kocha alimwita mbele awafundishe wenzake kufunga yao. Kufikia jioni wote walikuwa wakielea kifudifudi, mirija juu, wakitafuta tilapia kwenye maji ambayo huoni zaidi ya urefu wa mkono wako.

Shida ilikuwa ishara. Kwa mzamiaji, kidole gumba juu hakimaanishi fiti. Kinamaanisha "nataka kupanda." Ukiwa fiti unaunganisha kidole gumba na cha shahada, unafanya duara. Mtoto wa huku amefundishwa gumba tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Kijana mmoja alishushwa mara tatu, na kila Kocha alipomuuliza kwa ishara kama yuko sawa, aliinua gumba kwa furaha, na Kocha akampandisha juu.

"Una nini?" Kocha akamuuliza mara ya tatu.

"Niko fiti, Kocha! Si nimekuambia?"

Nilicheka mpaka nikakaa. Nilimwambia Kocha kwamba mkono wa mtu husema lugha ya kwao hata mdomo ukifundishwa nyingine. Ilikuwa sentensi nzuri na niliipenda. Sikujua nilikuwa najisema.

Jumatatu na Jumanne watoto walikuwa tisa. Binti yangu alikuwa na homa na nilimwacha Kalimoni kwa mama. Kila walipoingia majini niliandika, kila walipotoka niliandika, na Kocha akiuliza kutoka kwenye boti, "Wangapi, Mwalimu?" nilimjibu kwa sauti ya gwaride, "Tisa!" naye anahesabu vichwa ngazini na kuinua mikono kichwani kufanya duara kubwa. Tulifanya kazi pamoja vizuri kweli. Nilifurahia kufanya kazi na mtu asiyeniomba nipunguze sauti.

Jumatano binti yangu alifika, pua bado nyekundu, amevaa sweta mbili za shosho yake, mama yangu. Kocha hakumwona akifika. Tangu asubuhi alikuwa katikati ya bwawa, kichwa ndani ya injini ya boti iliyokuwa ikikohoa, na kwa umbali ule watoto waliovaa miwani na jaketi za kuelea hufanana wote. Nilimwandika binti yangu kwenye daftari chini ya wengine. Sikuweka nambari pembeni ya jina lake. Wengine wote walikuwa nazo, moja hadi tisa, kwa kalamu nyekundu. Nilipolitazama daftari hilo baadaye niliona haya.

Watoto walikuwa wamegawanywa watatu watatu, na kila kundi lilitakiwa kutoka pamoja. Yeye nilimtia kwenye kundi la wasichana, likawa la wanne.

Zoezi la siku hiyo walilipenda kupita yote. Kocha alikuwa amepindua mashua moja ndogo, iliyotolewa mlingoti, ikakaa majini kifudifudi. Chini yake kunabaki hewa. Unazama, unapita chini ya ukingo, unaibukia ndani, unapumua humo gizani, unapiga kelele moja, kisha unazama tena na kutokea upande wa pili. Watoto walipaita pango. Kocha, akipaza sauti kutoka kwenye boti, aliwaambia jambo moja akalirudia: ukikwama mle ndani usipigane na kamba, usilie, maana ukilia unaharakisha pumzi. Tulia, pumua, subiri. Hewa iko, na watu wa nje watahesabu.

Nilikuwa nimesimama gatini nikiwasikia wakipiga kelele ndani ya mashua, sauti ikitoka nzito. Nilimwona wangu akizama mara ya kwanza, akaibuka upande wa pili, akavua mrija na kucheka. Nilijisikia tajiri, kweli. Huyu ni mtoto wa mwanamke aliyekatazwa na mama yake kukaribia hata mtaro, na sasa anaogelea chini ya mashua.

Injini ilipowaka hatimaye, Kocha aliisogeza boti, akapiga ukelele kwamba zoezi limekwisha, baridi imezidi, watoke wote. Watoto wakakimbilia ngazi kwa mateke na vishindo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumimina uji. Kocha akaniita, injini ikinguruma:

"Mwalimu! Walioingia wangapi?"

Nilifungua mdomo niseme kumi. Najua nilitaka kuisema kumi. Nilitazama lile rundo la vichwa vyeusi vilivyolowa, nikijua kimoja ni changu, na ulimi ukapita njia nyingine wenyewe.

"Kenda muiyuru!" nikajibu.

"Kenda?"

"Muiyuru!"

"Haya! Kenda!"

Nilifurahi. Nilijiambia huyu mtu wa Lamu siku tatu tu ameshashika Kikuyu. Nikamwona akihesabu ngazini kwa kidole, kisha akainua mikono juu ya kichwa na kufanya duara. Mimi nikaweka birika chini na kumrudishia duara langu. Watu wazima wawili, kila mmoja ana hakika, tukaonyeshana duara juu ya maji.

Vikombe havina mwiko. Nilikuwa nimevipanga kumi kwenye meza ya mbao, vya plastiki, vya rangi tofauti, na nilivijaza vyote kumi bila kusita. Watoto walivamia, kila mmoja na taulo lake, wakipuliza uji na kuchekana jinsi midomo ilivyogeuka zambarau. Kelele ilipotulia niliona kikombe kimoja bado mezani. Cha kijani. Mvuke ulikuwa unatoka.

"Nani hajachukua uji?"

"Wote tumechukua, Tichee."

"Kuna mtu hataki?"

Ndipo nikawahesabu, kwa kidole, nikimgusa kila mmoja kichwani. Tisa. Nikawageukia wasichana watatu wa kundi lake.

"Mwenzenu wa nne yuko wapi?"

Wakatazamana. "Si alitangulia kutoka? Alisema anasikia baridi."

Hakuwa ametangulia. Sweta mbili za shosho yake zilikuwa kwenye msumari palepale alipozitundika.

Niligeuka nikaona Kocha ameshafunga kamba kwenye mashua iliyopinduka na anaanza kuivuta kuileta ufukoni, mgongo wake kwetu. Nilijua nilichokiona. Nilielewa yuko wapi kabla sijaelewa kitu kingine chochote. Nilipuliza filimbi mara tatu, mara tatu tena, mpaka mate yakajaa ndani yake na sauti ikakatika. Nikapiga kelele, na neno lililonikataa dakika chache nyuma likatoka lote:

"Kumi! Ni kumi! Zima! Ni kumi!"

Kocha aligeuka. Akanionyesha gatini kwa kidole, watoto waliosimama na vikombe, kama anayesema si hao hapo. Kisha akaniona usoni akazima injini.

Nilimvua mtoto aliyekuwa karibu miwani yake bila hata samahani, nikaruka na suruali yangu ya trakisuti na viatu. Maji yale ni baridi. Nakumbuka niliogelea vibaya, kichwa juu, mikono ikipiga ovyo, mtindo ambao ningemfokea mwanafunzi kwa kuutumia. Nilipofika kwenye mashua niligonga ubavu wake kwa ngumi. Kutoka ndani kitu kikagonga mara mbili.

Nilivuta pumzi nikazama. Maji ya kahawia, kisha meusi, kisha mguu. Mguu wenyewe haukuwa unapiga mateke. Ulikuwa umetulia, umezungushwa kamba iliyofungwa ndani ya mashua, na nilipoushika ulishtuka. Nikaibukia pembeni yake, kichwa changu kikagonga ubao, nikawa ndani ya pango.

Hewa ilinukia plastiki. Mwanga kidogo ulipenya chini, kupitia majini, wa kijani, na katikati yake uso wa binti yangu, miwani imevutwa juu ya paji. Jaketi lilikuwa linamsukuma juu na kamba inamvuta chini, asiweze kwenda popote. Midomo yake ilikuwa inatikisika. Nilidhani anasali.

"Mia moja na arobaini na moja," akasema. "Mia moja na arobaini na mbili. Mum, nimekuwa nikihesabu pumzi."

"Mguu unauma?"

"Kidogo. Ilianza kwenda nikaskia kamba imekaza. Halafu ikasimama." Akavuta makamasi. "Sikupigana nayo. Nilikaa tu. Nilijua utahesabu. Si wewe huhesabu kila kitu."

Sijawahi kupigwa kofi likanifika hivyo. Nilimkumbatia kwa mkono mmoja, nikamwambia ndiyo, na ndiyo hiyo ilikuwa uongo, nikaizamia ile kamba kabla hajauona uso wangu. Ilikuwa imejipinda mara mbili na fundo. Vidole vyangu havikuweza. Nilipopanda kuvuta pumzi ya pili, Kocha alikuwa ameibuka kando yetu na kisu kidogo mdomoni, akatutazama wote wawili kwa zamu, akazama. Kamba ikalegea. Binti yangu akanionyesha duara kwa vidole mbele ya pua yangu, pale gizani, akauliza kwa macho. Nikamjibu kwa duara. Tukatoka wote pamoja chini ya ukingo, mimi nikimshika jaketi kwa nguvu hata siku iliyofuata alinionyesha alama begani.

Alikunywa ule uji wa kikombe cha kijani. Ulikuwa bado vuguvugu. Alisema umeiva sana, akaomba sukari.

Mimi nilipomaliza kutetemeka nilikasirika. Ndivyo nilivyo, hofu yangu hutoka kwa mlango wa hasira. Nilimfuata Kocha mwisho wa gati ambako alikuwa amekaa amejifunika taulo kichwani.

"Umehesabuje wewe? Mtoto yuko chini ya mashua na unanionyesha duara!"

"Umeniambia kenda, Mwalimu."

"Nimekuambia kenda muiyuru!"

"Nilisikia kenda, wako juu. Injini inanguruma, nawe waijua lafudhi yako. Nikadhani wasema wote wako juu."

"Kenda muiyuru ni kumi!"

Aliondoa taulo kichwani. Macho yake yalikuwa mekundu na hayakuwa mekundu kwa maji ya bwawa.

"Hebu niambie polepole. Kenda yenu ni ngapi?"

"Tisa."

"Na kenda ya kwetu, ya bibi yangu aliyenilea, ni tisa. Sasa hiyo kumi imetoka wapi?"

Nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Nimefundisha sehemu, aljebra, hata zile hesabu za matangi yanayojaa na kuvuja. Nilisimama mbele ya yule mtu nikalitafuta jibu, na nililolipata ni kwamba nilikuwa nimesema tisa. Nilisema tisa ili mtoto wangu asihesabiwe, na hakuhesabiwa.

"Nami nilikuwa na tisa kichwani tangu Jumatatu," akasema Kocha. "Ungesema kumi, ningesimama kutafuta. Lakini ilinipasa nije nitazame chini ya chombo kabla ya kukivuta. Hilo ni langu, wala sikupi."

"Hili jingine ni langu," nikasema.

Tuligawana hivyo. Wazazi wa watoto wote tuliwaeleza siku hiyohiyo, kila mmoja akisema lake kwa mdomo wake. Mzazi mmoja alimchukua mtoto wake nyumbani, na alirudi naye kesho yake kwa sababu mtoto mwenyewe alikuwa amekataa kula.

Jioni nilimpigia mama simu. Nilimsimulia kuanzia uji hadi kisu. Nikasikia redio yake ikipunguzwa.

"Na ni nani aliwahesabu hao watoto?" akauliza, kwa ile sauti ya kutafuta mkosaji.

"Hakuna, maitu. Hakuna aliyewahesabu. Hiyo ndiyo shida."

Sikuwahi kumjibu mama hivyo. Nilingoja anikemee. Aliuliza tu kama mtoto amepewa kitu cha moto, akasema nimwambie asivue soksi usiku. Kisha, kabla ya kukata, akaniuliza wako wangapi huko kambini. Nikamwambia kumi. Hakunikemea, wala hakukata simu haraka.

Alhamisi Kocha aliweka sheria mpya. Anayeingia majini baada yake, awe mtoto awe mzee, anahesabiwa kwa sauti na mtu aliye gatini, kwa nambari za shule, na kila mmoja anajibu nambari yake akiingia na akitoka. Na kazi hiyo haitakuwa yangu peke yangu, itakuwa zamu ya watoto wote. Nilijua kwa nini na sikuteta. Binti yangu aliingia majini asubuhi hiyohiyo, mguu umefungwa bendeji. Nilimuuliza kama ana hakika. Aliniuliza kama mimi ninayo. Nilimwambia ninayo, na safari hii ilikuwa kweli, kwa sababu nilikuwa nimekwenda mwenyewe kukata kila kamba iliyokuwa ikining'inia kwenye mashua zote.

Ijumaa ndiyo siku ya mitungi. Kocha aliwashusha wawili wawili, mita tatu tu, wakifuata kamba hadi kwenye sufuria kuukuu tuliyoizamisha ili wawe na kitu cha kugusa. Binti yangu alishuka wa kwanza. Aliporudi juu alitoa kipumulio mdomoni na kusema kwamba chini huko mtu anajisikia mwenyewe tu, na kwamba si mbaya. Kisha akavua mtungi, akajikausha, akaja kushika zamu yake gatini. Nilimpa daftari na kalamu nyekundu. Filimbi nilimvalisha shingoni kwa mkono wangu.

Wenzake tisa walikuwa wanaingia, wawili na mitungi, wengine kwa miwani na mirija kuwatazama kutoka juu. Kocha alikuwa ameshasema anahitaji mtu mzima wa pili chini, na mtu mzima wa pili ni mimi. Nikafunga mtungi wangu, nikatema mate kwenye miwani, nikaenda kusimama nyuma ya foleni.

"Moja!" binti yangu akaita.

"Moja!" akajibu mvulana wa kilemba, akaruka.

Alikuwa na sauti yangu, ile ya gwaride. Sita, saba, nane. Msichana aliyekuwa amekataa kutema mate alitema, akajibu tisa, akaingia. Nikabaki peke yangu ukingoni, mapezi miguuni, na binti yangu akanitazama. Nilisikia baridi shingoni, chini ya nywele, na haikuwa ya Agosti. Katika nyumba ya mama yangu sijawahi kuhesabiwa na mtu yeyote. Nilikuwa miongoni mwa hao unaona.

"Kumi!" akaita, kalamu ikininyooshea kifuani.

Kocha, ndani ya maji, alikuwa ananitazama pia. Alingoja.

"Kumi," nikajibu.

"Sauti, Tichee!" akasisitiza binti yangu.

"Kumi!"

Nikaweka kipumulio mdomoni nikaingia. Chini kulikuwa na rangi ya chai, sufuria, mikono ya watoto wawili ikiigusa kwa zamu, na pumzi yangu ikienda na kurudi. Niliitazama kamba wakati wote. Kocha alipouliza kwa duara nilijibu kwa duara, kisha nikageuka na kuwauliza watoto mmoja mmoja.

Tulipanda polepole. Watoto walitoka mbele yangu, kila mmoja akitaja nambari yake ngazini huku meno yakigongana, na kalamu ikipiga mstari. Mimi nilitoka wa mwisho, mtungi ukinivuta nyuma.

"Kumi ametoka," akasema binti yangu. Akapiga mstari, akafunga daftari, akanipa kikombe cha kijani.